Mwalimu wa Kwaya na Unga wa Ekalakala

Nilijua nimeharibikiwa siku niliponunua chakula cha vifaranga nami sina hata kuku mmoja.

Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la agroveti hapa mjini Machakos, duka ambalo halikuwa katika njia yangu ya kwenda kazini wala ya kurudi. Mwenye duka akaniuliza, "Fundi, nikupatie nini?" Kichwa kikawa tupu. Nikaona gunia lenye picha ya kifaranga wa manjano, nikasema, "Hicho. Kilo mbili." Akanipimia, akafunga mfuko vizuri, akaniuliza vifaranga wangu wako na wiki ngapi. Nikasema tatu. Jumamosi iliyofuata ilibidi nitafute vifaranga sita ninunue, ili uongo wangu uwe kweli na chakula kipate mlaji.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona katika chumba chembamba karibu na soko, pamoja na mwanamke mwenzangu tuliyeanza naye kazi tukiwa wasichana. Tuna cherehani mbili za kukanyaga, overlock moja ya kumalizia kingo, na meza ya kukatia ambayo kila asubuhi tunaigombania. Nyumbani kwangu ni Mumbuni. Wakati huo mume wangu alikuwa amefariki miaka mitano nyuma na binti yetu alikuwa shule ya bweni. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na nilikuwa nimekwisha kujiona mtu aliyetulia. Nilijua saa ya kuamka, siku ya kuosha nywele, kiti changu kanisani.

Mwenye duka yule alitokea upande wa Murang'a. Alikuja kanisani kwetu Januari, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kama mtu anayetaka kuondoka kabla ya matangazo. Kwaya yetu ilikuwa imebaki na watu kumi na mmoja, na aliyekuwa akituongoza alikuwa amehamia Mombasa. Jumapili ya tatu tulianza wimbo juu mno, tukakwama ubeti wa pili, kanisa zima likaangalia chini kwa haya. Yeye akainuka kule nyuma, akaja mbele bila kuitwa, akatushushia sauti kwa mkono mmoja, tukaendelea. Wiki iliyofuata watu walikuwa wakimwita mwalimu.

Hakuwa mzuri wa sura. Alikuwa mfupi, masikio manene, shati la kola iliyokwisha kugeuzwa upande wa pili. Hata sauti yake ilikuwa ya kawaida, tena ilikwaruza ikipanda. Lakini alikuwa na namna ya kukugeukia. Hakugeuza shingo tu. Aligeuka mwili mzima, mabega mpaka viatu, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu tangu asubuhi na sasa amekiona. Ukigeukiwa hivyo ulisahau ulichotaka kusema, na badala yake ukasema jambo ambalo hukuwa umemwambia mtu yeyote. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa ambaye hakuwa akisalimiana na mchungaji kwa miaka miwili. Hatukujua kisa. Mwalimu alizungumza naye nje ya kanisa muda wa kunywa kikombe cha chai, na Jumatano mzee akaja mazoezini, akasimama kwenye besi, akaimba amefumba macho. Kufikia Aprili tulikuwa watu arobaini. Viti vya plastiki havikutosha.

Ndipo maneno yakaanza. Sisi Wakamba tunajulikana Kenya nzima kwa kamuti, ile dawa ya kumvuta mtu akufuate bila kujua anafuata nini. Mtu wa nje akioa huku, jamaa zake humuuliza kwa utani kama alikagua chai kabla ya kuinywa. Tumezoea, tunacheka nao. Lakini safari hii ni sisi tuliokuwa tukinong'ona juu ya mgeni.

"Huyo amenunua," mwenzangu aliniambia siku moja akitia uzi kwenye sindano. "Amekuja kununua huku huku kwetu, halafu anatutumia sisi wenyewe."

"Amenunua nini?"

"Usijifanye. Umeona kile kitambaa chake?"

Nilikuwa nimekiona. Kilikuwa kitambaa cha mkononi, cha kahawia, ambacho alijipangusia viganja kila mara kabla ya kumsalimia mtu. Mwenzangu alisema dawa imo ndani ya kitambaa, kutoka hapo inaingia mkononi, kutoka mkononi inaingia kwako. Nilimcheka. Lakini Jumapili iliyofuata sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nikiangalia mfuko wa suruali yake.

Hali yangu ilizidi. Nilikata mkono wa koti la bwana harusi nikaukata mfupi, kitambaa cha mteja, rangi ambayo haikupatikana tena Machakos ikabidi nikaitafute Nairobi. Nilishona zipu upande wa nje. Nilikuwa naacha cherehani katikati ya mshono, nasimama mlangoni, narudi, nakaa, nasimama tena, mpaka mwenzangu akasema, "Wewe, si ukae? Unanipa kizunguzungu." Kutoka Mumbuni kuna njia ya kawaida ya kufika mjini. Mimi nilivumbua nyingine mbili, zote zikipita agroveti.

Mwezi wa tano kanisa liliamua kwaya ishonewe sare, na kazi nikapewa mimi. Wengine niliwapima kanisani baada ya ibada. Mwalimu alikuja dukani kwetu peke yake, saa saba mchana, mwenzangu akiwa ameenda kula.

"Nisimame wapi, fundi?"

"Hapo hapo kwenye mwanga."

Nilikuwa nimewapima wanaume zaidi ya nilivyoweza kukumbuka. Bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ni kazi, hufikirii. Siku ile tepu iliteleza mara mbili. Nilipotaka kumpima mkono alijitoa kidogo, akatoa kile kitambaa, akajipangusa viganja vyote viwili. Nafikiri niliganda, maana alinitazama usoni akaanza kujieleza.

"Samahani. Mikono yangu inatoka jasho tangu nikiwa mtoto. Nikimshika mtu naona aibu."

"Hakuna shida, mwalimu."

"Watu wanafikiri najivuna. Ati sitaki kushika mikono yao." Akacheka, si kicheko cha kanisani, kidogo tu. Halafu akanigeukia, vile alivyojua kugeuka, na tepu ikiwa bado shingoni mwake akasema, "Unajua nikiinua mikono kuanzisha wimbo ni wewe ninayekutazama? Nikiona umetulia, najua hatutakosea."

Mimi! Kutulia! Niliandika vipimo vyake kwenye daftari, na baadaye ilibidi nimwite tena kwa sababu nilikuwa nimeandika kifua mahali pa kiuno.

Maneno yale niliishi nayo wiki nne. Niliyabeba sokoni, niliyabeba nikipika, nilikuwa nikiyarudia nikiwapa vifaranga maji. Halafu mwenzangu, ambaye naye alikuwa ameingia kwaya, kwenye soprano, akaniambia siku moja tukikunja nguo, "Kuna kitu nataka kukuambia, usimwambie mtu. Mwalimu aliniita faragha jana. Ati akianza wimbo, ni mimi anayenitazama." Uso wake ulikuwa umeng'aa. Nikasema, "Hongera." Jumapili ile ile, nje ya kanisa, yule mzee wa besi alikuwa akimweleza mkewe kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kwamba mwalimu hawezi kuanza wimbo bila kumtazama yeye.

Ningepona hapo. Mtu mwenye akili angepona. Badala yake Jumatatu nilipita agroveti asubuhi na jioni. Jambo lililoniogopesha ni kwamba sasa nilijua. Nilijua anawaambia wote, na kujua hakukunisaidia kitu, miguu ilikwenda tu. Nikajiambia kwamba hii si akili yangu tena. Nimefanyiwa kitu.

Nilimweleza dada yangu mkubwa, anayeuza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na ndengu sokoni. Yeye ni mtu wa maombi, nilidhani atasema tufunge siku tatu. Alinisikiliza huku akipepeta, akasema, "Kanisa litakuombea. Lakini huyo ndiye kanisa sasa, wewe huoni? Nenda Ekalakala. Kuna mama huko hufungua watu."

"Dada! Wewe umejuaje?"

"Nimejua," akasema, na sikupata zaidi ya hapo.

Nilikwenda Alhamisi, nikamwambia mwenzangu naenda hospitali. Nilitegemea kibanda gizani, mikia na vibuyu. Nilielekezwa duka la rejareja pale sokoni Ekalakala, sukari, mafuta ya taa, kamba za mbuzi, na nyuma ya kaunta mama wa miaka hamsini hivi, amevaa gamubuti kwa sababu alikuwa ametoka shambani. Tulizungumza katika chumba cha nyuma, tumekalia magunia ya mahindi. Kila baada ya dakika chache mtu aliita mbele, mama akaenda kumwuzia sabuni, akarudi, akauliza, "Tulikuwa wapi?"

Nilimweleza yote. Alikuwa na maswali ya haraka haraka, kama daktari mwenye foleni.

"Amekuomba kitu?"

"Hapana."

"Umekula kwake?"

"Sijawahi."

"Anakupigia simu?"

"Ya kwaya tu. Anatupigia wote."

"Nguo yako, nywele zako, kuna kitu amechukua?"

"Mimi ndiye niliyechukua vipimo vyake."

Akanitazama. Akanishika kifundo cha mkono, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mtu akaita mbele akitaka kiberiti. Aliporudi hakukaa tena. "Mwaitu," akasema, neno letu la heshima kwa mwanamke, "mimi sioni kamba hapa. Hujafungwa na mtu. Siwezi kufungua kitu ambacho hakipo, nitakuwa nakudanganya." Kisha akasema kwa sauti ya muuza duka, ile ile aliyoulizia watu sukari robo au nusu, "Lakini ya kumvuta yeye niko nayo. Unataka?"

Nilikuwa nimetoka Mumbuni alfajiri kwenda kufunguliwa. Nimefikiria mara nyingi tangu siku ile jinsi jibu lilivyotoka upesi.

"Nataka," nikasema.

Ulikuwa unga wa kahawia, kidogo kama chumvi ya kutia yai moja, umefungwa kwa karatasi ya daftari la mtoto wa shule. Niuweke chini ya ulimi, niende nizungumze naye, niseme chochote, mradi niseme nikiwa nao mdomoni. Mara moja inatosha.

Jumamosi nilikwenda. Nilijifanya nauliza dawa ya kuku wanaokohoa. Nilisimama nje kwanza, nikaugeukia ukuta, nikautia unga mdomoni. Ulikuwa mchungu wenye ladha ya udongo, mate yakajaa. Nilipoingia nilikuwa nikizungumza kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Fundi, uko sawa?"

"Niko sawa. Kuku wangu wanakohoa."

Duka lilikuwa halina mtu. Akatoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanivutia kiti. Akaeleza habari za dawa, kisha akaacha katikati. Akakaa juu ya mfuko wa mbolea, mikono katikati ya magoti. "Leo sijisikii kuongea mambo ya kuku," akasema. Nami, mdomo umejaa, sikuweza kujibu, nikatikisa kichwa tu. Labda hilo ndilo lililomfanya aendelee. Akaniambia mke wake alimwacha, akaolewa na mtu waliyemfahamu wote wawili. Akasema watu wanamzunguka kanisani mpaka hawezi kufika mlangoni, halafu wote wanaenda nyumbani kwao, na tangu Januari hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza Jumapili anakula wapi. "Nafunga duka la maneno," akasema, "narudi kwangu nachemsha mayai." Hakuwa amenigeukia. Alikuwa akizungumza na sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimwambia mtu jambo bila kumtazama.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na aibu inanipanda. Kama ni unga ndio unaomsemesha, basi nilikuwa namwibia. Kama si unga, basi nilikuwa nimekaa mbele ya mtu anayelia bila machozi, na mchanga wa Ekalakala mdomoni. Nikaumeza wote. Nikakohoa mpaka akaniletea maji.

"Jumapili ya kesho kutwa wiki ijayo," nikasema, siku zikinichanganya, "namaanisha si kesho, ile nyingine. Uje kwangu ule chakula."

Akainua uso. "Kweli?"

"Kweli."

Siku nane zile sikumbuki kama nilikaa chini. Nilifua mapazia, nikayarudisha yakiwa na maji. Dada yangu akaja Jumapili asubuhi, akasema amekuja kumwangalia huyo mtu kwa macho yake na hatakula naye. Nilichinja kuku mmoja kati ya wale sita, waliokuwa wamekua sasa.

Alikuja na mkate na maua ya plastiki. Nilikuwa jikoni nikigeuza chapati, mlango uko wazi, nikaona jinsi kitu kile kinavyofanywa, maana safari hii hakikuwa kikifanywa kwangu. Dada yangu alikuwa amekaa na mkoba magotini kama mtu wa kuondoka. Mwalimu akamuuliza kuhusu ndengu, msimu huu zinatoka wapi. Dada alipojibu, yeye hakusema neno mara moja. Alingoja kidogo, kichwa kimeinama, mpaka dada akaona lazima aongeze kitu. Kile alichoongeza mwalimu akakichukua, akamgeukia mwili mzima, akamuuliza nani alimfundisha kupepeta. Ni mama yetu aliyemfundisha, na dada yangu hazungumzi habari za mama. Dakika ishirini baadaye mkoba ulikuwa sakafuni, naye alikuwa akimchagulia mgeni paja.

Niliona yote, kila kiungo. Nilidhani nikishaona kinavyoshonwa nitakuwa huru, maana mimi ni fundi. Nikaleta chapati, nikakaa, akanigeukia, akasema, "Fundi, umepika mpaka nimesahau mimi ni mgeni," na ikawa kama sikuona kitu.

Baada ya chakula nilimsindikiza. Jua lilikuwa bado juu, watu wametoka makanisani, watoto wanacheza barabarani. Tulitembea polepole. Akasema, "Nataka kukuambia jambo, na sijui kama nitalisema vizuri. Kuna wiki tatu sasa silali. Nikijaribu kula hakipiti. Nikiwa mbele ya kwaya nakutafuta, na nikikuona nasahau nota. Mimi nawaambia watu wote ninawatazama, ni kweli, nawatazama, ndiyo kazi. Lakini wewe imekuwa kitu kingine."

Mtu mwingine angemshika mkono akanyamaza. Mimi nilikuwa nimechoka kubeba siri, na nilikuwa na furaha iliyonifanya mjinga. Nilitaka tuanze bila kitu kilichofichwa kati yetu. Nilidhani atacheka.

"Mimi nilikuwa hivyo tangu Februari," nikasema. "Mpaka nilikwenda Ekalakala. Nilifikiri umenifanyia kamuti. Huyo mama akasema hujanifanyia. Akanipa yangu."

Alisimama. "Yako ya nini?"

"Ya kukuvuta. Ilikuwa unga tu. Ile siku ya kuku nilikuwa nao mdomoni. Lakini niliumeza, mwalimu, niliona ni upuuzi—"

Sijawahi kuona uso ukijifunga hivyo. Alirudi nyuma hatua mbili, akatoa kitambaa, akajipangusa viganja, akajipangusa tena shingo, mdomo, ulimi. Alikuwa akijipangusa chakula changu.

"Uliniwekea," akasema.

"Sikukuwekea kitu. Ilikuwa mdomoni mwangu."

"Nilionywa. Mama yangu alinionya siku ninahama. Nikamwambia hao ni watu wa Mungu." Akarudi nyuma hatua nyingine. "Ndiyo maana silali. Nilikuwa najiuliza ni nini hiki."

"Mwalimu, sikiliza."

"Usinifuate, fundi. Tafadhali. Usinifuate."

Akaenda, karibu anakimbia, na viatu vya Jumapili.

Nilifika nyumbani ndipo nilipofikiri sawasawa. Alisema wiki tatu. Unga niliuweka mdomoni siku nane nyuma. Wiki tatu nyuma hata habari za yule mama nilikuwa sizijui. Wakati alipoanza kukosa usingizi mimi nilikuwa bado naamini kwamba niliyefungwa ni mimi. Nilimpigia simu, hakushika. Nikamwandikia ujumbe: "Hesabu wiki. Ulianza kabla yangu." Jibu lilikuja kesho yake mchana: "Mungu akubariki dada. Nimeombewa." Hakuniita fundi.

Hakurudi kanisani. Katika mwezi mmoja duka la agroveti lilikuwa na mwenye mpya, na yeye alikuwa amehamia upande wa Embu. Kwaya ilipungua, wengine kwa wiki moja tu, wengine kidogo kidogo, ikasimama kwenye watu kumi na tisa, na yule mzee wa besi bado yumo. Habari ilienea, sijui ilipita wapi. Dada yangu anaapa si yeye. Sasa mimi ndiye niliyekuwa na kamuti. Mwenzangu alininunia wiki mbili kisha akaanza kuniuliza maswali ya kuzungukazunguka. Wanawake wakaja dukani na sketi ambazo hazikuhitaji kushonwa, wakakaa, wakapoteza muda, mpaka mwishowe mmoja akasema kilichomleta: kama naweza kumwelekeza nilikoipata. Nilimwambia sina kitu. Alitabasamu kama mtu anayeambiwa arudi kesho.

Ilipita miaka miwili. Mwaka huu, siku chache kabla ya Pasaka, simu ililia nikipiga pasi magauni ya wasimamizi wa harusi. Namba sikuijua. Sauti niliijua kabla haijamaliza salamu.

"Fundi. Ni mimi."

"Mwalimu."

"Naomba unisaidie kitu kimoja. Rudi kwa yule mama. Mwambie anifungue."

Niliweka pasi kando. "Bado?"

"Bado. Nimeombewa mara nyingi, na watu tofauti. Kuna mtu hapa tunataka kuoana, mwanamke mzuri, hana makosa. Na bado, fundi." Akavuta pumzi. "Sikuchukii. Nataka tu niachiliwe."

Nilikuwa na maneno yote tayari. Miaka miwili nilikuwa nimeyapanga nikikanyaga cherehani: hesabu wiki, mwalimu, hakuna kamba, yule mama mwenyewe alisema hakuna. Na chini ya hayo yalikuwapo mengine ya moyoni mwangu, ambayo yangemfanya labda apande gari aje Machakos siku hiyo hiyo, au labda akate simu milele. Niliyasikia yakija mpaka kooni. Halafu nikasikia anavyopumua upande wa pili, pumzi fupi fupi, ya mtu anayeogopa, na nikajua kwamba hata akija atakuja akiniogopa, kila chai atakayokunywa kwangu atainusa kwanza.

"Nitaenda Alhamisi," nikasema.

Alhamisi sikwenda popote. Nilikunja mapindo ya magauni manane, nikashona vifungo. Saa kumi alasiri nikampigia.

"Nimetoka huko sasa hivi. Amekufungua."

"Kweli? Alisemaje?"

Hilo sikuwa nimejiandaa kuulizwa. "Alisema aliyekufunga hakuwa na nia mbaya."

Nikasikia akilia, si sana, kama mtu anayetua mzigo na mgongo bado unauma. "Asante," akasema. "Asante, fundi. Nilikuwa najua utaenda." Akauliza kwaya inaimba nini Pasaka. Nikamwambia. Akasema tusianze juu, alto watachoka. Nikasema nitawaambia. Tukaagana.

"Nani huyo?" mwenzangu akauliza.

"Mteja."

Nilijaribu kurudi kwenye vifungo, sindano ikanichoma mara mbili. Nikavaa viatu, nikatoka, nikalizunguka soko lote mpaka upande wa stendi, nikarudi, nikalizunguka tena. Dada yangu aliniona nikipita mara ya pili, akasimamisha ungo, akaniuliza naenda wapi na kasi hiyo. Nikamwambia siendi mahali, nanyoosha miguu.